Nyumba Iliyosema Watu wa Voi Hawasikii Joto

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, ili mkicheka mcheke mkiwa na ruhusa. Mimi ndiye niliyeweka uzi wa mkonge ndani ya mashine ya serikali.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kupimia unyevu wa hewa. Ndani yake kulikuwa na fungu dogo la nywele za binadamu, zimenyooshwa kama nyuzi za zeze. Hewa ikiwa na unyevu nywele zinarefuka, ikikauka zinajikunja, na kalamu iliyofungwa kwenye nywele inapanda au kushuka juu ya karatasi inayozunguka polepole. Msicheke, hiyo ilikuwa sayansi, na nzuri kweli. Sasa mimi, kwa bidii ya kazi, nikaipangusa vumbi kwa kitambaa kile kile nilichopangusia meza. Nywele zote zikakatika.

Mtu mwenye akili angepiga simu Nairobi. Mimi nilitazama nje, nikaona shamba la mkonge limeenea mpaka macho yanachoka, nikajiambia: uzi ni uzi. Nikachagua uzi mweupe mwembamba, nikaufunga vizuri, nikarudi kwenye kiti changu.

Kalamu ikaanza kupanda. Wiki nzima ikapanda. Kwa mujibu wa mashine ile, Voi ilikuwa na unyevu kuliko Mombasa. Injinia, mkubwa wangu mwenye mashine zile, akanipigia simu kutoka Nairobi, sauti yake ina wasiwasi.

"Huko kuna mafuriko?"

Nikachungulia nje. Mbuzi wa jirani alikuwa amesimama katikati ya vumbi jekundu, anakohoa.

"Mafuriko bado, Injinia," nikasema. "Lakini mawingu yapo."

Alipokuja na kufungua kifuniko, aliushika ule uzi kwa vidole viwili, akauinua kwenye mwanga. "Hizi ni nywele za nani?"

"Za hapa hapa," nikamjibu.

Hakunifukuza. Alikaa chini akacheka mpaka akavua miwani. Ndipo nikajua kwamba huyu Injinia Odera ni mtu ninayeweza kufanya naye kazi.

Nyinyi vijana mnaosomea majengo siku hizi nasikia mnajifunza nyumba zenye akili. Mtu yuko Nairobi anaizimia taa nyumba yake ya Mwatate kwa simu. Vizuri. Lakini msidhani mmeanza nyinyi. Miaka ya sabini inaelekea ukingoni, mimi tayari nilikuwa nakaa ndani ya nyumba yenye akili, hapa hapa Voi, ng'ambo ya reli, na nilikuwa nalipwa kwa kukaa.

Nieleze hilo la kukaa, kwa sababu ndilo lililonivuta. Mimi ni mtoto wa Mghange, kule juu milimani kwenye ukungu, ambako kabichi ni kubwa kuliko kichwa cha mtu na sweta halivuliwi. Nilimaliza kidato cha nne na alama za kuniwezesha kusalimiana na watu wa ofisi. Nikapelekwa Mombasa kwa mjomba kutafuta kazi bandarini. Nikarudi nyumbani kabla mama hajamaliza kufua shuka niliyoacha. Sipendi safari. Sipendi kituo cha basi, sipendi kulala kitanda cha watu. Hata nilipooa na kuhamia Voi, kwa sababu mke wangu alikuwa nesi mkunga kwenye kliniki ya pale, niliona nimehamia nchi ya mbali.

Basi siku moja likaja tangazo: idara fulani ya utafiti inatafuta mtu mwenye elimu ya sekondari, wa kuishi na familia yake ndani ya nyumba ya majaribio na kusoma vipimo. Mke wangu akalisoma kwa sauti, akalikunja, akanipa. "Baba Mghoi," akasema, "serikali imekutafuta mpaka imekupata. Wanataka mtu asiyetoka nyumbani."

Nyumba ilikuwa hivi. Kuta nene za mawe, mapaa mawili moja juu ya jingine, hewa inapita katikati. Madirisha yalikuwa ya vibao vya mbao vinavyolala na kusimama, na kila dirisha lilikuwa na mota yake ndogo. Kwenye korido kulikuwa na kisanduku cha chuma ambacho Injinia alikiita ubongo. Ubongo ulikuwa na kipimajoto kimoja nje na kingine ndani. Nje kukiwa na joto kuliko ndani, unafunga madirisha. Nje kukipoa, unafungua. Unasikia ta! kisha vibao vyote vinageuka pamoja kama askari wa gwaride. Mkono wa kufungulia dirisha haukuwapo hata mmoja. Injinia alisema binadamu ndiye anayeharibu nyumba: anafungua saa isiyofaa, kwa uvivu au kwa kuchungulia wapita njia.

Katikati ya sebule alining'iniza mpira mweusi wenye kipimajoto ndani, wa kupima joto linalotoka kwenye kuta. Wageni walidhani ni kifaa cha usalama. Kwa kweli lilikuwa boya la shaba la tangi la choo, limepakwa rangi. Nawaambia hili muelewe kwamba utafiti haukosi njia. Na ukisoma kipimajoto, kijana, soma haraka na usikipumulie. Mimi nilikisoma kwa karibu sana mwanzoni, kwa sababu ya macho, na kwa muda mrefu tulikuwa tunapima pumzi yangu.

Nitawapa ukweli wa ile nyumba kwa kifupi: ilikuwa na akili nyingi mradi hakuna mtu ndani. Ikiwa tupu mchana ilikuwa baridi kama mtungi. Tatizo lilianza watu wakiingia: madirisha yamefungwa, na pumzi zao na moto wa chai havina pa kutokea. Na kwetu, watu huingia.

Siku ya kwanza kabisa ubongo ulipofunga madirisha asubuhi, jua bado halijawa kali, mimi nilikuwa ndani nimelala kidogo kazini. Nikasikia miguu. Nikafungua mlango. Nje wamesimama kina mama wa mtaani, mmoja na mzigo wa kuni, mwingine na unga kwenye beseni, na mbele yao Mama Righa, jirani yetu mshonaji, kanga imefungwa kiunoni tayari kwa kazi.

"Ni nani?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni nani nini?"

"Aliyetutoka."

Mnajua tena: nyumba ya watu, asubuhi, madirisha yote yamefungwa kwa mpigo na mwenyewe hajatoka. Kwetu hiyo ni habari ya msiba. Nikawaeleza kwamba hakuna aliyekufa, nyumba inafikiri. Mama Righa akanitazama, akaitazama nyumba, akawageukia wenzake. "Tuingieni tu. Kuni zimeshafika."

Waliingia, chai ikapikwa, na tangu siku hiyo hawakuacha kuja. Injinia akafurahi mno. Alikuwa anataka watu. Mashine, alisema, zinapima hewa, lakini nyumba lazima ihukumiwe na anayeikalia. Kwa hiyo akaweka swichi ya kuzungusha ukutani, karibu na mlango, yenye alama: baridi sana, baridi, sawa, joto, joto sana. Kila mgeni kabla ya kutoka anazungusha swichi kwa jinsi anavyojisikia, na kalamu inaandika. Hiyo waliiita kura.

Sasa tulieni, kwa sababu hapa ndipo mimi na sayansi tulipoangukia shimo moja.

Fikiria wewe ni mgeni. Umepewa chai ya maziwa na mandazi. Umeketishwa kwenye kochi. Saa ya kuondoka, mwenye nyumba amesimama pale mlangoni, ameshika kitasa, anatabasamu na meno yote. Pembeni yake iko swichi inayokuuliza kama nyumba yake ni mbaya. Utaizungusha wapi? Nimeona kwa macho yangu mwalimu mkuu mzima, shati limeganda mgongoni, jasho linamwingia kinywani, akiweka "sawa" na kuniambia, "Mna hewa nzuri hapa." Nimemwona kuhani wa kanisa letu akijipepea kwa kofia kwa mkono wa kushoto na kupiga kura ya "baridi" kwa mkono wa kulia, kwa ukarimu.

Na mimi nilifurahi! Nilidhani nasifiwa.

Kule Nairobi Injinia akakaa na karatasi zake, akaona jambo la ajabu. Mpira mweusi unasema chumba kinachemka. Watu wanasema sawa. Kwa miezi. Msomi akikutana na kitu kama hicho hana njia zaidi ya mbili: ama watu wanadanganya, ama amegundua kitu. Injinia alikuwa mtu mwema, hakuweza kufikiri kwamba watu wanadanganya. Akaja Voi macho yanang'aa, akaketi jikoni kwetu.

"Watu wa hapa," akatuambia mimi na mke wangu, "maumbile yao yamezoea. Joto hawalisikii kama sisi wengine. Hili ni jambo jipya kabisa."

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Akaacha.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo wodi ya wazazi pale kwenye kliniki yenu, ile iliyofika kwenye linta, usawa wa juu wa madirisha, inaweza kupunguziwa madirisha. Vioo vidogo vya mwanga, visivyofunguka. Vumbi halitaingia, na gharama itashuka. Nimeombwa ushauri. Mafundi wanasubiri ripoti yangu."

Ile wodi mke wangu ndiye aliyeipigania kwa miaka. Ndani yake ndimo angezalisha wanawake wa tambarare yote, kutoka upande wa Sagalla mpaka mashamba ya mkonge. Na wa kwanza katika foleni alikuwa Righa mwenyewe, binti wa jirani yetu mshonaji, mimba yake ya kwanza, miguu imeshaanza kuvimba.

Injinia alipokwenda zake, mke wangu alinigeukia. Hakupandisha sauti. Nesi akiwa mkali kweli hapandishi sauti.

"Uliwaambia watu wasiseme joto?"

"Sikuwaambia neno. Niliwapa chai."

"Ni kitu kile kile. Umemfungia Righa dirisha kwa mandazi. Kairekebishe."

Nikairekebisha, kwa mtindo wangu. Niliwanong'oneza majirani mmoja mmoja kwamba ile swichi, jamani, sisi wenyeji hatutaudhika, mkisikia joto semeni joto. Wakaitikia kwa vichwa, watu wema. Lakini wao walielewa kwamba sasa Baba Mghoi anataka joto. Na wakanipa joto! Ikaja ile wiki ya Julai, manyunyu yanateremka kutoka milimani, watu wamevaa makoti. Wanaingia wanatetemeka, wanakumbatia vikombe, na wakitoka wanazungusha swichi mpaka mwisho: joto sana. Mama Righa aliizungusha kwa nguvu mpaka ikabaki mkononi mwake. "Imetosha," akaniuliza, "au niongeze?"

Injinia akashuka mbio kutoka Nairobi. Safari hii alifikiri watu wana homa. Akamsihi mke wangu awapime malaria wote waliopiga kura. Mke wangu akanitazama mimi tu. Nikasoma kipimajoto kisichohitaji kusomwa.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Lakini kumwambia Injinia kwamba nyumba yake ni tanuri, tena ndani ya hiyo hiyo nyumba, naye amenipa kazi ya kukaa? Nilishindwa. Na mimi nilikuwa mgeni, mnaona? Nyumba ilikuwa yake. Nikamwambia, "Hali ya hewa inabadilika-badilika, Injinia."

Kilichotuokoa ni pancha. Siku iliyofuata, jua limerudi na ubongo umefunga madirisha, gari la Injinia likalala tairi na dereva akalipeleka mjini. Wageni walikuwa wanaaga. Sasa desturi yetu ni kwamba mgeni hasindikizwi kwa macho. Unamtoa, unatembea naye kipande, mnaongea mpaka mahali fulani mnaachana. Mimi nilikuwa sisindikizi mtu. Tangu nihamie pale nilikuwa na goti lililouma kila mgeni alipoinuka. Nilifika kizingitini, nikapunga mkono, nikarudi kwenye kochi. Kwa hiyo Injinia, mtu wa heshima, akaona aibu na akasema, "Nitawasindikiza mimi."

Nilimwona akitoka na Mama Righa, na Righa anatembea taratibu na mkono kiunoni, na kina mama wengine wawili. Nikasinzia.

Waliyozungumza nilisimuliwa na Injinia mwenyewe, baadaye Mama Righa akarekebisha mahali Injinia alipopunguza makali.

Walipofika kwenye reli, Mama Righa alivuta pumzi ndefu, akaivua kanga ya kichwani, akaikamua. "Eee, afadhali! Mwanangu, pole sana wewe uliyepewa kuichunga ile jehanamu."

"Jehanamu ipi, mama?" Injinia akauliza.

"Si ile tuliyotoka? Mimi nikikaa mle ninahesabu mandazi ili nisizimie."

"Lakini uliweka 'sawa'. Miezi yote mnaweka 'sawa'."

"Sasa nimwambie mwenye nyumba nini, na chai yake iko tumboni mwangu?"

Mwenzake mmoja akadakia, "Mimi humwonea huruma Mama Mghoi. Mke mzuri vile, amekaushwa kama samaki."

Injinia akasimama katikati ya reli. Akawauliza kama wote husema hivyo. Wakamshangaa. Wakamwambia kwamba kila aliyewahi kuingia mle husema hivyo, wakifika hapo kwenye reli. Kwani watasemea wapi? Ndani ya nyumba ya mtu unasema mazuri. Njiani ndipo mnapoongea.

Kisha akamgeukia Righa. "Na wewe, dada? Wodi ikiwa kama chumba kile, utazalia mle?"

Righa akacheka kidogo, akatazama chini. "Mimi nitazalia hapa kwenye reli, kaka. Hapa upepo upo."

Injinia alirudi jua limeelemea milima ya Taita, viatu vimejaa vumbi jekundu. Hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi ya nje, si ndani, akaniuliza: "Wewe goti lako linauma tangu lini?"

"Tangu nipate kazi hii," nikakiri.

"Ungetembea mpaka kwenye reli mara moja tu," akasema, "tungekuwa tumemaliza utafiti."

Kesho yake aliwazuia mafundi wasifunge nafasi za madirisha. Ripoti aliiandika upya. Aliniambia wakubwa zake Nairobi walimsumbua sana kuhusu ule ukurasa wa njia za utafiti, alipoandika kwamba maoni ya wakaaji yalikusanywa kwa kusindikiza wageni. Mmoja wao alitaka kujua kifaa hicho kinatengenezwa nchi gani. Lakini hakukifuta. Na kwa msimu wote uliobaki tulifanya hivyo: mashine zikiandika ndani, Injinia au mimi tukitembea na wageni, na goti langu likapona bila dawa. Tulijifunza mengi. Kwamba watu hawataki hewa baridi, wanataka hewa inayotembea. Kwamba mama aliyejifungua anataka kumwona anayekuja kabla hajafika. Kwamba dirisha lisilo na mkono humfanya mtu ajione mfungwa hata kama halimchomi. Kisanduku kisingejua hayo. Mimi pia sikuyajua, nami nilikuwa na masikio.

Ndiyo maana nikiwaona nyinyi na nyumba zenu za kuongea, mnamtumia mkaaji maswali kwenye simu na yeye anabonyeza nyota tano, huwa natamani kuwauliza: mlimsindikiza?

Wodi ikamalizika. Madirisha mapana, yanatazamana, kila moja na mkono wa chuma wa kufungulia, na baraza mbele. Ubongo haukuwekwa. Righa alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kulala mle, akajifungua mtoto wa kiume, na mke wangu ndiye aliyempokea. Siku ya pili wakaturuhusu kwenda kuona. Nikavaa shati la kwenda kanisani. Hewa ilikuwa inaingia upande huu na kutokea ule, mapazia yanacheza, Righa amelala na mwanawe ubavuni, na mama yake ameketi kwenye stuli anashona kofia ndogo.

Sikuweza kujizuia. Nilisimama dirishani, nikashika ule mkono wa chuma kama ninaukabidhi kwa umma, nikaanza kuwaeleza jinsi sisi, watafiti, tulivyohangaika ili upepo huu ufike kitandani pale. Nikataja mpira mweusi. Nikataja nywele, nikaruka mkonge. Nilikuwa nimefika kwenye mapaa mawili, Mama Righa alipokata uzi kwa meno na kuniinulia macho.

"Baba Mghoi, serikali ilikuweka kwenye ile nyumba useme neno moja tu, joto, likakushinda mpaka tukalisema sisi. Sasa toka hapo dirishani, unamzibia mtoto hewa."